Kwa nini daraja la Pontypridd lina matundu mabegani?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, kwetu Morogoro, ila kwa sasa nasoma Cardiff, Wales. Juzi tulipanda treni na wenzangu hadi Pontypridd tukaliona na kulivuka daraja kongwe la mawe juu ya mto Taff. Lina tao moja tu, na kila upande wa tao kuna matundu matatu ya duara yaliyopenya kutoka ubavu huu hadi ule. Mwenzangu mmoja anasema ni mapambo, mwingine anasema ni ya kupitishia mafuriko. Tulisikia pia kwamba lilianguka mara tatu kabla ya kusimama hili la sasa. Je, ni kweli? Lilikuwa likiangushwa na nini? Mwalimu wetu anataka ripoti juu ya ujenzi uliowahi kushindwa, nami nafikiria kuchagua hili.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Matundu yale si mapambo. Mto ukifurika kupita kiasi maji yanaweza kupita humo, hasa katika lile kubwa la chini, lakini si maji yaliyofanya yawekwe. Yaliwekwa ili kupunguza uzito kwenye mabega ya tao, yaani sehemu za pembeni zilizo kati ya kingo na utosi (kilele cha tao). Daraja lililotangulia hili, lenye tao la ukubwa uleule, lilianguka kwa sababu mabega yalikuwa mazito na utosi mwepesi. Liliangushwa na wingi wa mawe yake lenyewe, na hilo ndilo jambo ambalo ningetaka ulielewe vizuri kuliko mengine yote nitakayoandika hapa.

Na ni kweli, lilianguka mara tatu. Ila anguko la kwanza, la pili na la tatu hayafanani, kila moja lina sababu yake. Watu wengi huyasimulia kama habari ya mtu mvumilivu aliyejaribu jambo lilelile hadi likakubali. Si hivyo. Angerudia jambo lilelile, lingeanguka mara ya nne.

Mjenzi wake aliitwa William Edwards. Alizaliwa mwaka 1719 katika parokia ya Eglwysilan, kwenye vilima vilivyo kati ya Caerphilly na bonde la Taff, mtoto wa mkulima. Ufundi hakuusomea popote. Alianza kwa kutengeneza kuta za mashambani, zile za mawe yanayopangwa bila chokaa, na kazi yake ikawa safi hata majirani wakaanza kumwita. Alijifunza mengi kwa kuyachunguza magofu ya ngome ya Caerphilly, iliyoanza kujengwa mwaka 1268 na Gilbert de Clare: jinsi waashi wa zamani walivyochonga jiwe na walivyolibananisha na jirani yake. Alipokuwa kijana wa miaka kama ishirini alipata kazi ya kujenga karakana ya chuma Cardiff, akapanga kwa mwokaji mikate aliyekuwa kipofu, na huyo ndiye aliyemfundisha kusoma Kiingereza, maana hadi hapo Edwards alikuwa mtu wa Kiwelisi tu. Baadaye akawa mchungaji wa kanisa la Groeswen. Hadi anafariki mwaka 1789 alikuwa mkulima, mwashi na mhubiri, yote kwa pamoja. Nimekueleza haya kwa sababu yana uzito katika ripoti yako: huyu hakuwa na hesabu za msukumo wa tao mezani kwake. Alikuwa na macho, mikono, na ngome moja iliyobomoka.

Mwaka 1746 alipewa kazi ya kuvusha barabara juu ya Taff kwa pauni 500. Mkataba ulikuwa na sharti zito: alipaswa kulidhamini daraja kwa miaka saba. Likianguka ndani ya muda huo, kulijenga upya ni juu yake. Sharti hilo lizingatie kila unapojiuliza kwa nini hakuacha. Imani na ari alikuwa nazo, sina shaka, lakini alikuwa pia na deni la ahadi.

Daraja la kwanza husimuliwa kuwa lilikuwa na matao matatu, zuri la kutazama. Katika mto mtulivu lingedumu. Taff si mto mtulivu. Unaanzia kwenye milima ya Bannau Brycheiniog, ambako kilele cha Pen y Fan kina mita 886, na kutoka huko hadi baharini Cardiff ni safari fupi sana. Mabonde yake ni membamba, kuta zake zimesimama wima, na kabla ya kufika Pontypridd umekwisha kupokea maji ya Cynon na vijito vingi. Mvua ikikaza huko juu, mto hujaa kwa saa chache. Na zamani hizo mabonde hayo yalikuwa na misitu minene, kwa hiyo mafuriko hayakushuka na maji peke yake. Yalibeba miti iliyong'oka na mizizi yake, matawi, na nyasi za mashambani.

Baada ya miaka kama miwili hivi yalishuka mafuriko ya namna hiyo. Miti ikanasa kwenye nguzo, takataka zikanasa kwenye miti, na daraja likageuka bwawa. Hapo maji ya upande wa juu yalipanda, na msukumo wake ukazidi kukua kadiri kina kilivyoongezeka, hadi nguzo zikashindwa. Sisi tunaojenga kwenye mito ya msimu tunalijua hili kwa uchungu: madaraja mengi huondolewa na kilichobebwa na maji, maji matupu yangelipita bila madhara. Ukikokotoa nguvu ya mkondo bila kuhesabu magogo, umekokotoa mto mwingine.

Edwards akaamua kutoweka nguzo yoyote mtoni. Akachora tao moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo, lenye upana wa futi 140, yaani karibu mita 42.7. Kwa Uingereza ya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Hakuna tao la mawe lililokuwa limevuka nafasi kama hiyo kisiwani humo. Kimo cha tao kutoka linapoanzia hadi utosini ni futi 35, mita 10.7. Kwa kanuni ya duara unayoijua utaona kwamba ni kipande cha duara lenye kipenyo cha futi 175. Jaribu mwenyewe: nusu ya upana ni 70, kimo ni 35, jumla ya vipeo vya pili vyao ni 6,125, gawa kwa kimo, unapata 175.

Anguko la pili lilitokea kabla kazi haijaisha. Tao la mawe, kabla halijafungwa kwa mawe ya utosini, halina nguvu yoyote. Kila jiwe limelalia kiunzi cha mbao. Na kiunzi cha tao la mita 42 hakiwezi kuning'inia hewani. Kinasimama juu ya miti iliyochimbiwa mtoni. Unaona tatizo. Nguzo alizozikimbia zilikuwa zimerudi kwa umbo la mbao, na dhaifu kuliko zile za mawe. Mafuriko yalikuja kazi ikikaribia kwisha, yakachukua kiunzi, na mawe yakakifuata. Katika ripoti yako usipite haraka hapa. Wanafunzi wengi huchunguza muundo uliokamilika na kusahau kwamba siku za hatari zaidi katika maisha ya daraja huwa zile za ujenzi. Madaraja ya zege yanaendelea kutupotea leo kwa sababu hiyohiyo, fomu na mirunda (mbao za kumiminia zege na nguzo za kuzishikilia) ikiwa ndiyo imebeba kila kitu.

Mara ya tatu alitengeneza kiunzi imara zaidi. Mwaka 1754 tao lilifungwa, kiunzi kikaondolewa, daraja likasimama lenyewe. Mto haukuligusa. Lakini baada ya wiki chache tu mawe ya utosini yalianza kusukumwa juu, yakafyatuka kutoka mahali pake, na daraja zima likaingia mtoni.

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Chukua fito mbichi, ile ya kujengea nyumba ya miti, ikunje iwe tao, na uibane ncha zake kwa mawe mawili ardhini. Bonyeza katikati: mabega yanatanuka. Sasa acha katikati, bonyeza mabega yote mawili kwa wakati mmoja: katikati inanyanyuka. Tao la mawe hufanya vivyo hivyo, ila jiwe halikunjiki, kwa hiyo viungo hufunguka badala yake. Utosi unaponyanyuka, nyufa hufunguka upande wa juu pale utosini, na upande wa chini pale mabegani. Zikifunguka vya kutosha, tao linakuwa na bawaba, na muundo wenye bawaba nyingi haukai.

Uzito huo wa mabegani ulitoka wapi? Angalia umbo. Utosini, kati ya mgongo wa tao na barabara hakuna kitu cha maana. Lakini tao linaposhuka kuelekea ukingoni, barabara haiwezi kushuka nalo, maana hakuna farasi wa kupanda mteremko wa namna hiyo. Mwanzoni kabisa tao hilo linainuka kwa nyuzi zaidi ya 50. Basi nafasi iliyo kati ya tao na barabara hujazwa kuta za mawe pembeni na kifusi katikati. Kina cha ujazo huo mabegani ni mita kadhaa. Kwa tao dogo hilo halisumbui. Kwa tao pana, jembamba, lenye umbo la duara, mabega yanakuwa na mzigo mkubwa na utosi hauna kitu cha kuukandamiza usinyanyuke.

Mwanasayansi wa Kiingereza Robert Hooke alikuwa ameligusa jambo hili mwaka 1675: umbo la mnyororo unaoning'inia, likigeuzwa juu chini, ndilo umbo la tao litakalosimama. Ning'iniza uzito mkubwa pande mbili za mnyororo na uache katikati bila kitu, uone unavyobadilika: pale penye uzito unavutwa chini, na katikati yake inalala zaidi. Ukiugeuza, ndiyo njia ambayo nguvu inataka kupita ndani ya mawe. Njia hiyo ikibaki ndani ya unene wa tao, daraja linasimama. Ikitoka nje, linaanguka. Katika daraja la tatu ilitoka nje. Mwashi wetu wa Eglwysilan aliliona jambo hilohilo kwa kuyatazama mawe yake yakifyatuka.

Angeweza kufanya nini? Angeweza kuongeza uzito utosini ili kusawazisha. Njia hiyo inafanya kazi, ila inalinenepesha tao zima na kuzidisha msukumo kwenye kingo. Angeweza kubadilisha umbo la tao. Yeye alichagua kupunguza. Ndani ya kila bega alijenga mapipa matatu ya mawe, yaliyo wazi ndani na yanayopenya kutoka ubavu hadi ubavu. Lililo karibu na ukingo lina kipenyo cha futi 9, linalofuata futi 6, na la juu futi 3, yaani takriban mita 2.7, 1.8 na 0.9. Angalia mpangilio: kubwa liko pale ambapo ujazo ulikuwa na kina kikubwa. Halikuwekwa hapo kwa ajili ya macho, ingawa macho yanafurahi. Na sehemu za ndani zilizobaki alizijaza makaa ya kuni badala ya udongo na mawe, kwa kuwa makaa ni mepesi.

Tufanye hesabu ya haraka. Jumla ya maeneo ya miduara mitatu ni karibu mita za mraba 8.9. Kila mita moja ya upana wa daraja, matundu hayo yameondoa mita za ujazo 8.9 za mawe na kifusi. Ukichukua tani 2 kwa mita ya ujazo, ambayo ni makadirio ya chini, ni karibu tani 18 kwa kila mita ya upana katika kila bega. Daraja ni jembamba, lakini hata kwa mita tatu tu ni zaidi ya tani 50 kila upande. Na makaa hatujayahesabu.

Daraja la nne lilikamilika mwaka 1756. Ndilo ulilolikanyaga. Edwards alikuwa amezama katika madeni kufikia hapo, na wakubwa wa kaunti ya Glamorgan walichangia ili kazi imalizike. Naona walifanya jambo la haki. Mtu aliyekuwa ameshalipia maanguko matatu hakustahili kuachwa peke yake na daraja la nne.

Sasa nikutahadharishe na mambo mawili ambayo huandikwa sana juu ya daraja hili. La kwanza, kwamba lilikuwa tao pana kuliko yote duniani, au Ulaya. Hapana. Lilikuwa pana kuliko yote Uingereza, na likabaki hivyo kwa miongo kadhaa. Ufaransa daraja la Céret, la karne ya 14, lina tao la mita 45, nalo lina matundu mabegani. La pili, kwamba wazo la kutoboa mabega lilizaliwa Pontypridd. Uchina, daraja la Zhaozhou lililojengwa na Li Chun mnamo mwaka 605, lina tao la mita 37 na matao madogo mawili wazi kila upande, kwa kazi hiyohiyo ya kupunguza uzito, na pia kupitisha mafuriko. Hapo mwenzako wa mafuriko angekuwa sahihi. Kusema hivi hakumpunguzii Edwards heshima. Li Chun na waashi wa Céret walikuwa mbali sana na Groeswen. Yeye alifika hapo kwa njia iliyompitisha katika maanguko matatu.

Je, lilikuwa daraja zuri kwa watumiaji? Si sana, na hili usilifiche katika ripoti. Ulipanda mwenyewe ukaona mwinuko wake. Mikokoteni ilipata taabu kupanda, na kushuka ilikuwa hatari zaidi. Ilibidi magurudumu yafungwe mnyororo wa kuyazuia yasikimbie. Na bonde lilikuwa linabadilika kwa kasi. Mfereji wa Glamorganshire ulifunguliwa mwaka 1794, ukibeba chuma cha Merthyr hadi Cardiff. Mwaka 1818 kikaja kiwanda cha minyororo cha Brown Lenox. Mwaka 1841 reli ya Taff Vale ilikuwa imefika hadi Merthyr, kisha makaa ya mawe ya Rhondda yakaujaza mji watu. Daraja la njia moja lenye mgongo mkali halikuweza kuhudumia shughuli hizo. Mwaka 1857 wakajenga la pili kandokando yake, la Victoria, tambarare na lenye matao matatu, kwa michango ya wananchi. Miaka mia baada ya Edwards, nguzo zilirudi mtoni, safari hii kwenye misingi bora. Ubaya wake ni kwamba ukisimama upande lilipo hilo jipya, daraja la zamani limefichwa.

Edwards mwenyewe aliliona kosa la mwinuko mapema. Madaraja aliyojenga baadaye yana tao lililolala zaidi. Mfano bora ni Dolauhirion, juu ya mto Tywi karibu na Llandovery, la mwaka 1773: futi 84, tundu moja tu kila bega, na mgongo wa kawaida. Alikuwa amejifunza kwamba kingo zikiwa imara, tao halihitaji kuwa refu kwenda juu ili lisimame. Wachoraji, akiwemo Turner, walivutiwa na Pontypridd kwa ujasiri wa umbo lake. Mimi kama mhandisi nalistahi zaidi Dolauhirion, kwa sababu pale mjenzi aliyahudumia magurudumu pia.

Mwezi Februari 2020 kimbunga Dennis kilipoleta mvua, Taff ilipanda hadi ikaingia majumbani na madukani Pontypridd. Daraja la Edwards lilibaki pale pale. Chini ya tao lake hakuna nguzo ya kunasia gogo, na uamuzi huo wa baada ya 1746 bado unalilinda.

Kuhusu ripoti: ndiyo, lichague, ila usiliandike kama kushindwa mara tatu. Andika kushindwa kwa aina tatu: kwa mto, kwa kiunzi, na kwa mgawanyo wa uzito. Rudi tena Pontypridd ukiwa na utepe wa kupimia na kamera. Simama upande usiozibwa na daraja la Victoria, ulipige picha kwa ubapa, kisha nyumbani chora juu ya picha hiyo mnyororo uliogeuzwa, mara moja ukiwa na mabega yaliyojaa, mara ya pili ukiwa umeondoa zile tani 18 kwa mita. Unene wa tao upime ubavuni, karibu na utosi; haufiki mita moja. Jumba la makumbusho ya mji liko jirani kabisa na daraja, ndani ya kanisa la zamani, waulize michoro yake. Ukimaliza, nitumie hiyo michoro miwili ya mnyororo kabla hujaikabidhi, tuitazame pamoja.